Yasir Katolewa Tena

Nyuma ya barabara ya Zhanxi, hapa Guangzhou, pale mikokoteni inapokukwangua visigino usipojua kuruka, kuna kijiwe cha Watanzania ambacho benchi lake ni ubao uliolazwa juu ya marobota mawili ya jinzi. Mwenye marobota alikwenda Dar kuoa, hakuonekana tena, na wenzake wakaamua kumlindia mali yake kwa kuikalia. Kila asubuhi Haroun wa Unguja huleta dele lake la kahawa ya tangawizi na vikombe vidogo visivyo na mkono, na mpaka dele likauke hakuna anayekwenda kufungua mzigo. Hapo ndipo mambo ya watu huamuliwa: nani arudishwe kwao, nani achangiwe, ndoa ipi isuluhishwe na ipi iachwe ife. Mkuu wao ni Abdulhadi, wakala wa mizigo bandarini Huangpu, ndiyo maana wanamwita Forodha, na sheria yake wanaijua hata wapagazi wa Kichina: mgeni wa mwaka wa kwanza hapewi kontena. Anafuata, anatazama, anabeba mafaili. Khatib, anayejulikana kama Refa, mwaka wake wa kwanza aliililia sheria hiyo machozi ya kweli, palepale benchini, na leo ana makontena yake mwenyewe.

Fathiya alifika akihema, mwanawe Maulida mgongoni, simu mkononi. Maneno aliyotaka kuyasema alikuwa ameyapanga tangu kwenye lifti, moja baada ya jingine, na alipowaona wale wanaume wamekaa yakamkimbia yote.

— Shikamoo Ami. Asalaam aleikum nyote. Mechi ya Yasir inaanza sasa hivi, dada wa mchezaji mwenzake anatuonesha kwa simu, yuko uzioni pale, kasema mtandao leo mzuri, niiweke wapi, upesi, jamani, niiweke wapi?

— Iegemeze kwenye dele, alisema Haroun. Lakini nikimimina, mechi italala.

Wakasogeleana. Kwenye kioo ukatokea uwanja mkavu, jua linazama, uzio, na mumewe Yasir amesimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mpira umefichwa ndani ya glavu.

Yasir alijifunza besiboli akiwa sekondari Dar, kwa mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani. Ufadhili wa chuo cha michezo ukamleta Guangzhou, na Guangzhou akaonwa na Mmarekani mmoja mtafuta vipaji. Sasa yuko Arizona, jangwani, ligi ya chini kabisa, ligi ya vijana wa mwaka wa kwanza, wanalala wawili wawili chumbani, wanapigwa na jua kutwa, na jioni wanacheza mbele ya watazamaji wachache kuliko wachezaji wenyewe. Jioni ya huko ni asubuhi ya huku. Kazi yake ni kurusha. Mwenye gongo akikosa kuugonga mpira mara tatu, nje. Mechi iliyopita kocha alimtoa mapema.

Juzi alimtumia ujumbe wa sauti Ami Abdulhadi, kwa adabu, maana ndiye aliyemlea. Kocha anataka kumtoa kwenye mechi zote mpaka msimu uishe, abaki palepale akifundishwa kurusha upya, tangu namna ya kuweka mguu. Akikubali, atakaa huko mpaka baridi ianze. Akikataa, anaachwa, anarudi. Jibu linatakiwa leo, mechi ikiisha. "Mtakalosema ndilo," alimalizia, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea huku amelala kifudifudi. Ami akalileta jambo hilo kijiweni, na nafasi ya kazi kule Huangpu alishamwekea.

Fathiya naye alitaka arudi. Hilo hakumwambia mtu. Alitaka arudi kwa sababu Maulida alipopata homa alikimbia naye kliniki na hakuweza kusoma hata herufi moja ukutani, kwa sababu usiku lifti ikisimama ghorofa yao moyo unamdunda, kwa sababu kibali chake cha kukaa kinapitia kampuni ya Ami na Ami akikasirika sijui itakuwaje. Kijiwe kikisema arudi, atakuwa hakusema yeye. Atalia kidogo, kwa heshima, kisha ataenda kufua mashuka.

— Tazameni! alisema Khatib. Huyo nje!

Mwenye gongo alikuwa amepiga upepo. Akaja mwingine, naye akapiga upepo. Wa tatu aliugusa mpira, ukapanda juu kama kikombe kilichoteleza mkononi, ukaangukia nje ya mstari.

— Kijana anatisha, alisema Vedasto.

Huyu Vedasto ni mtu wa Bukoba, anasomea shahada ya uzamivu ya kemia, na kijiweni anaitwa Daktari hata na watu wanaoumwa jino.

— Anatisha nini, alisema Ami. Mchezo wa kusimama. Hata jasho hatoki.

— Ami, kule ni jangwani, linakauka kabla hujaliona, alisema Fathiya, na mwenyewe akashangaa kwamba amejibu.

Haroun akamimina. Arizona ikalala ubavu. Wakainamisha shingo wote kwa pamoja, na walipoiinua simu, kocha, mzee mmoja mnene, alikuwa anatembea kuelekea kile kilima, polepole, mikono mfukoni. Akanyoosha kiganja. Yasir akamkabidhi mpira.

— Wamemtoa! Khatib alisimama, kahawa ikamwagikia suruali. Wamemtoa tena! Hajagongwa hata mpira mmoja wa maana, wamemtoa!

— Kaa chini, Refa.

— Sikai! Niambieni, wapi umeona mtu anashinda anatolewa kipindi cha kwanza? Straika ana mabao mawili, kocha anamwita benchi, maana yake nini? Maana ni mbili: ama kocha hampendi, ama keshauzwa.

— Huu si mpira wa miguu, alisema Haroun.

— Kutolewa ni kutolewa! Hata kwenye bao la kete!

— Wewe hata bao unafungwa na watoto wa mwenye duka la mabegi.

Wakacheka, lakini Fathiya hakucheka. Alimwona Yasir anaketi kwenye benchi la kule, anavuliwa jezi upande mmoja, na mtu mwenye kibegi anamfunga bega lote kwa mifuko ya barafu, anazungusha plastiki, anazungusha, mpaka bega likawa kubwa kama la mtu mwingine.

— Kaumia, alisema. Ami, kaumia, tazama, wanamfunga, yule si daktari yule? Mungu wangu, mkono wake.

— Hajaumia, alisema Vedasto kwa sauti yake ya darasani. Tulieni niwaeleze. Ile barafu ni ya kuhifadhi. Kijana huyu tangu afike amekuwa akirusha mbele ya kamera. Fathiya, si ulisema wanamrekodi?

— Kila siku, kasema. Wanambandika na vidude mgongoni.

— Basi. Wamekwisha kuchukua urushaji wake wote, umo kwenye kompyuta. Sasa yeye wa nini? Mnakwenda viwanda vya jinzi vya Xintang na suruali yenu moja ya mfano, laoban, mwenye kiwanda, anaigeuza, anaipiga picha, anakwambia meiyou, kitambaa hiki hakuna, nenda. Wiki ijayo inaning'inia kila kibanda. Kijana amekuwa suruali ya mfano.

— Astaghfirullah, alisema Haroun.

— Watatengeneza mashine inayorusha kama Yasir. Kwa mkono wa Yasir. Na kwenye boksi hawataandika jina lake.

— Ndiyo maana nasema keshauzwa! alisema Khatib. Kauzwa vipande vipande, mkono kwanza!

— Na yule wa pembeni yake, alisema Haroun huku akiikaribia simu, mbona analitazama sana lile bega? Kijicho kile. Mimi nawajua watu wa kijicho, nilifanya kazi hotelini.

Ami Abdulhadi akakohoa. Ami akikohoa watu hunyamaza, maana ndivyo anavyotangaza hukumu.

— Mnapayuka. Mimi nasema ninaloliona kila siku. Kontena likivutwa pembeni pale Huangpu, wenzake wanapanda meli, lenyewe limebaki juani, mwenye mali anaambiwa subiri, subiri kidogo tu. Huyo keshapotea. Hakuna kontena lililowekwa pembeni kwa wema. Kijana kawekwa pembeni. Wameona kasoro, wanaona haya kusema, wanamzungusha mpaka achoke mwenyewe aondoke kwa miguu yake. Mimi mwana wa kaka yangu hatazungushwa jangwani. Atarudi. Nafasi yake ipo. Fathiya, mwandikie mumeo.

Ndilo alilokuwa analitaka. Lilikuwa mbele yake, halina hata gharama ya kufungua mdomo. Alishika simu ya pili, ya Ami, aliyonyooshewa, na kidole chake kikabaki hewani. Maulida mgongoni alikuwa anamvuta ushungi, anavuta, anaachia.

Hapo ndipo alipopita mwanamke mmoja na begi la magurudumu, kapu la nailoni begani, uso wa mtu aliyeshuka kwenye ndege na hajalala. Akasimama.

— Asalaam aleikum. Nyie Waswahili bila shaka, nimewasikia tangu kule kona. Mie naitwa Dalila, natokea Kariakoo, ndiyo mara yangu ya kwanza hapa. Namtafuta Forodha, nimeambiwa nikiona ubao juu ya marobota nimefika.

— Umefika, dada, alisema Haroun. Ngoja kidogo, tuna msiba mdogo.

— Innalillahi. Kafa nani?

— Hajafa, alisema Khatib, akamwoneshea kwenye simu. Yule mwenye barafu. Mume wa huyu bibie. Kafukuzwa mpira sasa hivi.

Dalila akaweka begi chini, akainama, akaziba jua kwa kiganja ili aone vizuri. Akatazama. Akawatazama wao. Akatazama tena.

— Huyu?

— Huyohuyo.

— Sasa mbona anacheka?

Wakainama wote. Kweli, Yasir alikuwa anacheka. Bega limefungwa kama robota, na anacheka na yule wa kijicho, mdomo wazi, kichwa nyuma, mkono mzima unaeleza jambo hewani, vidole vimeshika mpira usiokuwepo, anamwonesha mwenzake jinsi ulivyopinda. Mwenzake anaigiza. Yule kocha mnene akapita, akamgonga kofia, Yasir akainuka kidogo kwa adabu, akaketi, akaendelea kucheka.

Khatib alipangusa kahawa surualini. Vedasto akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Haroun alimtazama Ami. Ami aliitazama kahawa.

— Nimeuliza vibaya? alisema Dalila.

Fathiya hakuwa amekiona kile kicheko tangu walipoagana uwanja wa ndege. Kwenye simu za kila siku Yasir humwambia "niko poa, mtoto vipi, mmekula?", na yeye humwambia mtoto mzima, tumekula, na wote wawili huogopa kuuliza zaidi. Sasa alimwona hajui kama anatazamwa. Hofu ilikuwa ileile, haikuondoka hata kidogo, ila maneno yalianza kumtoka, na yalipoanza hakuweza kuyashika.

— Ami, samahani, naomba niseme na usinikatishe maana nikikatishwa sitaanza tena. Mwaka wako wa kwanza hapa ulipewa kontena? Hukupewa. Khatib alipewa? Alilia. Na ulipomnyima ulikuwa unamfukuza? Hukumfukuza, ulisema akivunjika mapema hatafaa baadaye, nimekusikia mwenyewe hapahapa ukimwambia Haroun. Sasa wale wamemtoa hajachoka, wamempoza mkono, wanataka kumfundisha mguu uwekwe wapi, na nyinyi mnasema keshauzwa, sijui mashine, sijui kijicho. Ni mwaka wake wa kwanza, Ami! Anafuata, anatazama! Sheria yako ileile, hao Wamarekani wameijua kabla hujawaambia!

— Fathiya.

— Sijamaliza. Mimi ndiye niliyetaka arudi. Mimi. Kuliko nyinyi wote. Nalala na taa. Lakini siandiki arudi. Ukitaka kukata kibali changu kikate, nitarudi Dar na mwanangu, na yeye atabaki kule kule.

Mkokoteni ukapita, mpagazi akapiga kelele apishwe njia, hakuna aliyetoa mguu.

— Nani kakwambia nakata kibali? alisema Ami, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mimi mtu wa kukata kibali cha mkwe?

— Sijui, Ami. Sijawahi kukuuliza. Naogopa.

Akamrudishia simu yake, akachukua ya kwake kutoka kwenye dele, akabonyeza pa sauti, mbele ya wote, bila kusogea pembeni kama wanawake wa kijiwe kile wanavyosogea.

— Yasir, baki. Usijibu sasa, kaa na barafu yako. Tumekuona. Baki mpaka wakuchoke wenyewe.

Akatuma. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa bado wazi, akamgeukia Ami.

— Na ile nafasi ya Huangpu uliyomwekea, nipe mimi.

— Wewe? Na mtoto?

— Si huyu hapa mgongoni? Kontena sitaki, najua sipewi. Nitafuata.

— Bandarini kuna jua.

— Hata Arizona.

Khatib akaanza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Haroun aliinua dele, akaliinamisha juu ya kikombe, likatoa funda moja la mwisho lenye mashapo, na badala ya kumpa Ami kama kawaida, akampa Fathiya.

— Imekwisha, alisema. Watu wakafungue mizigo.

Fathiya alikunywa lote, na mashapo yake. Ami Abdulhadi akasimama, akajipapasa mfuko, akalitazama begi la Dalila, akawatazama wapagazi, akatazama kila kitu isipokuwa yeye. Mwisho akavuta kutoka chini ya ubao rundo la mafaili lililofungwa kwa ukanda wa katoni, akalishika kidogo kama anayelipima uzito.

— Ni mazito, alisema.

— Lete, Ami.