Sadaka ya Kahawa kwa Tanki la Simone

Asubuhi ile, pale kona ya njia ya Mutoshi, Mama Bilkisi alipika kahawa mara mbili ya siku zote na hakumtoza mtu. Ilikuwa sadaka. Tangu mjukuu wake yuko mgongoni, bustani yake ya mboga za lengalenga kule kijitoni ililala magugu, maana kiwanda cha shaba kilichoko juu kilikuwa kinamwaga humo maji machafu. Na jiwe la shaba la kwetu hukaa na ndugu yake wa siri, uraniamu, mwenye kutoa mionzi: haionekani, hainuki, lakini mwilini inaingia. Sasa kiwanda kimefunga tanki la kusafisha maji yale. Wapimaji wamekuja na mashine zao, wakapima kijito, wakasema: mama, panda. Mbegu alikuwa nazo, kazifunga kwenye pindo la kitenge. Kilichobaki kabla ya kushika jembe ni kumshukuru Simone, binti wa jirani, aliyelichora tanki hilo. Na huku wakimngojea, wazee wa benchi lake la kahawa walikuwa wameshaanza kulichora upya kwa mdomo.

— Batu banasema tanki, tanki! Mi nitabaelezea, — alisema Kazadi, fundi wa simu na wa methali za kubandika popote, ambaye mtaa mzima humwita Betri. — Mule ndani muko sumaku. Uranium ikipita, paf! inanasa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sumaku gani, Betri? — alidakia Karim, dereva wa lori. Huyu wanamwita Mteremko, kwa sababu ya breki zake. — Mi mwenyewe njo nilibeba ile tanki. Nikabeba na mifuko ya bitu bya kuweka ndani. Bidogo-bidogo, kama mayai ya samaki. Minakuambia, ni mayai! Bikipata mayi ya kijito, bitatotoa.

— Bitatotoa nini?

— Banyama ba kukula uranium! Mwenye njaa hana miiko.

— Basi uranium ikiisha batakula nini? — Betri akageukia mwisho wa benchi. — Tata Josias, mbuzi yako ilipoteaka siku gani?

— Mbuzi yangu ilipotea mbele ya tanki kufika!

— Njo vile. Harufu ilitangulia.

Josias ni katekista, lakini jina lake la benchi ni Tata Amina. Alikunywa kwanza, akajifuta ndevu.

— Mi nilisali siku banaifunga. Ile sumu yenye inakuliwa inageuka courant. Mwaka kesho umeme haitakatika tena mu quartier.

— Amina! — wakasema wote, hata Karim Mwislamu, maana umeme ulikuwa umekatika tangu jana.

Mama Bilkisi alicheka hadi machozi. Akakamua kitambaa chake cha kuchujia, akatupa machicha ya kahawa nyuma ya benchi, mferejini, bila kugeuza shingo, kama afanyavyo kila siku. Akamwongezea kikombe mgeni mmoja, Mamie, mama aliyetoka Kasaji, aliyekuwa ameegemeza baiskeli yake na gunia la muhogo. Mgeni alikuwa anakunywa, macho yake yakimfuata kila msemaji.

Ndipo Simone akatokea, na buti zake za kiwandani. Mama Bilkisi akasimama. Mama mkwe wake, mtu wa Kasongo, alikuwa akisema shukrani haitumwi, inakwenda kwa miguu yake. Akamwendea, akashika mikono yake yote miwili.

— Mutoto wangu, aksanti. Mungu akuzidishie. Leo minapanda.

— Mama, haikuwa kazi ya mi peke.

— Aksanti haina kubishana. Ikala, kunywa. Uambie hawa batata, tanki yako inakulaka namna gani?

Simone akakaa, akacheka kidogo.

— Haiko sumaku, Tata Betri. Bile bimayai, kila kamoja kameshika chumvi yake. Mayi ikipita na uranium, kanaachilia chumvi, kanashika uranium. Banabadilishana, kama ku soko.

— Mi nilisema mayai! — akapiga kelele Karim.

— Mi nilichora nyumba yabo. Juu niliacha nafasi, maana bikilowa binavimba. Chini kuko kichungio, bisitoroke. Na mayi ishuke sawasawa fasi yote. Ikipata kanjia kamoja, itapita mbio na sumu yake.

Mama Bilkisi alimkumbuka marehemu mama yake akichuja maji ya majivu kwa kupata chumvi ya mboga, na kile kikofi alichokupiga ukigandamiza majivu upande mmoja. “Unayafungulia maji mlango!” alikuwa akisema. Sauti ile ilimjia kana kwamba iko pale pale, inasubiri kikombe.

Mgeni akaweka chake chini.

— Bamama, batata, munisamehe, mi ni mugeni. Ile tanki inakulaka kila siku. Inaendaka ku choo fasi gani?

Karim alipaliwa na kahawa. Benchi lote likatikisika kwa kicheko, kisha kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu Simone hakucheka.

— Haifunguliwi, — alisema polepole. — Bile bimayai bikishiba, byenyewe njo binatoa mionzi. Nilichora ifungwe muzima-muzima. Chuma nene, na masikio ya kuinulia. Mutu asiguse ndani.

— Muzuri. Banaiinua. Banaipeleka wapi?

Simone akamgeukia mgeni.

— Nilishauliza mu réunion ya kiwanda. Bakasema, itaonekana.

— Kisenge! — akasema Karim. — Kule kuko mashimo ya zamani.

— Kisenge kuko bakwe bangu! — Betri akaruka.

— Basi Kasaji, iko mbali.

— Kasaji ni kwetu, — akasema mgeni, bila hasira.

— Kwako uko na parcelle munene, kiwanja kizima, Mteremko, — akasema Betri.

— Kwangu? Na batoto?

Betri akashusha pumzi. — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Safari hii methali yake ilikuwa imekaa mahali pake.

Mama Bilkisi akashika fundo la kitenge chake.

— Simone, uniambie kweli. Nipande?

— Panda, mama. Mayi iko muzuri. Tanki ingali na njaa, haitashiba mwaka huu.

— Na ikishiba?

— Mi ninarudia kuuliza tena.

— Utaniita. Tutaenda wote, mi nitabeba kahawa. — Akamshika tena mikono yote miwili. — Na aksanti iko pale pale, mutoto wangu. Haikupungua.

Akainua birika ammiminie nyingine. Likatoa tone moja. Basi, kahawa ilikuwa imekwisha. Akakamua kitambaa, machicha yakajaa kiganja, mkono ukaenda wenyewe nyuma ya benchi, kule mferejini, kule maji yanakoteremkia kijitoni. Ukasimama njiani. Mama Bilkisi akabaki ameshika machicha yake, anaangalia huku, anaangalia kule.