Mama Ipoe Anastaafu, na Kipande cha Waya Kisisahaulike

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa umeme wa kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya hospitali anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wote tunamwita Mama Ipoe. Tuliombwa tuandike maneno matamu tu. Matamu yapo, lakini machungu hatutayameza ili sherehe ya kumuaga ipendeze.

Alianza akiwa msaidizi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwashikia tochi mafundi wanaume. Hakuishika kwa muda mrefu. Ana sauti inayoshinda ngurumo za mashine, wala hajawahi kuona haya kuitumia. Msimamizi wa zamu aliyemhimiza, "Mama, washa bwana, wodi zinasubiri mashuka," alijibiwa mbele ya watu wote: "Zisubiri! Shuka haliungui likisubiri, mota ndiyo inaungua!"

Jina lake lilitokana na amri yake ya kila siku: "Iacheni ipoe." Amri hiyo ilihusu kitu kidogo kama punje ya dengu, kiitwacho thamista, ambacho ukinzani wake hubadilika kwa joto. Zipo za aina mbili. Ya kwanza, ikiwa baridi, huzuia umeme. Ikipata joto huupitisha. Katika mashine zetu za kukaushia, hiyo ndiyo inayopunguza mkupuo wa umeme unaoingia kwa kishindo mashine inapowashwa. Ukizima na kuwasha papo hapo, huikuta bado ya moto, na mkupuo hupita bila kizuizi. Watu walikuwa wakiigusa, wakiungua vidole, wakasema imeharibika. Aliwauliza kama pasi nayo ikiwaunguza huitupa.

Aina ya pili hufanya kinyume: joto likifika kiwango fulani, ukinzani wake hupanda ghafla. Hiyo imefichwa ndani ya nyaya za shaba za mota za mashine za kufulia. Mota ikizidi joto, kifaa kilichomo katika sanduku la umeme hutambua badiliko hilo na kukata umeme kabla mota haijaungua. Ni mlinzi asiyelala na asiyeomba ruhusa ya mtu.

Mlinzi huyo alizibwa mdomo. Mwaka jana, Mama Ipoe akiwa likizoni, mashine kubwa ya kufulia ilianza kusimama kila mara. Feni ya mota ilikuwa imezibwa na nyuzinyuzi za mashuka. Kazi iliyotakiwa ilikuwa kuisafisha. Badala yake, msimamizi wa zamu aliamuru ncha mbili za thamista, zinazofika kwenye sanduku la umeme, ziunganishwe kwa kipande cha waya. Tangu hapo kifaa cha kukata umeme kiliona mota imepoa hata ilipokuwa inatokota. Siku chache baadaye mota iliungua na moshi ukajaa ukumbini.

Nani aliadhibiwa? Mwendesha mashine, ambaye tunamwita Shemeji kwa sababu amemwoa dada yake bawabu wetu. Tangazo lilibandikwa ubaoni kwamba amesimamishwa kazi kwa uzembe. Mtu ambaye hana hata ruhusa ya kufungua sanduku la umeme! Watoto wake walizisikia habari hizo njiani kabla yeye hajafika nyumbani. Hilo ni jambo la aibu, na aibu hiyo si yake.

Mama Ipoe aliporudi, alimwita meneja na zamu nzima, akalifungua sanduku, akauchomoa ule waya na kuuinua juu. "Mzembe wenu huyu hapa," alisema. "Mwandikieni barua mumfukuze!" Msimamizi alijitetea kwamba mashine ilikuwa ikizimika bila sababu. "Sababu imejaa kwenye feni, baba. Nenda ukaipanguse."

Shemeji alirejeshwa kazini. Lakini alisimamishwa kwa tangazo na kurejeshwa kwa mnong'ono. Hakuna aliyemwomba radhi, na mpaka leo wapo wanaomtania kuwa ndiye aliyechoma mota. Msimamizi hakuulizwa kitu.

Ndiyo maana, alipoulizwa angependa zawadi gani, Mama Ipoe alisema hataki saa ya ukutani wala kabati la vyombo. Anataka meneja aseme hadharani, kwa kipaza sauti, kwamba Shemeji hakuwa na kosa. La sivyo, haji. Meneja alizungukazunguka wiki nzima, akajaribu hata kumtuma mhasibu abembeleze. Juzi alikubali, shingo upande.

Tunakushukuru, Mama, kwa kila mota inayozunguka hadi leo na kwa kila mmoja wetu aliyerudi nyumbani salama. Ijumaa keti mstari wa mbele, Shemeji na mkewe wakiwa kando yako, umsikilize meneja hadi neno la mwisho. Ukiridhika, nenda nyumbani ukapumzike, nasi tukikuombea afya, furaha na miaka mingi ya utulivu. Usiporidhika, mwambie arudie.