Kofia, Tumbo na Fimbo

Wanaume wawili walikuwa wakilisukuma toroli letu juu ya reli kwenda Kilindini. Mbele yangu walikaa Mzee Taha, mchonga milango, na karani mmoja aliyejitambulisha kwake kwa jina la Chirau. Karani alikunjua gazeti la miaka minne nyuma, akamwonyesha picha ya mzaha ya mkubwa wa forodha wa wakati ule: kofia, tumbo na fimbo, basi.

"Hii kazi ya mvivu," alisema Mzee Taha. "Mimi mlango mmoja nauchonga miezi mitatu, na hupati pa kuweka kidole pasipo na ua. Huyu kapiga mistari mitatu, kaenda zake kunywa kahawa."

"Na mlango wako, mzee wangu, mpita njia aweza kwenda kwao akauchora?"

"Hawezi," alijibu, kwa fahari ya mtu asiyejua anapelekwa wapi.

"Hii aweza. Mchoraji yuko kaburini mwaka wa tatu, na kuta za Mwembe Tayari bado zachorwa picha hii kwa mkaa. Atakayemcheka mkubwa yeyote huanza na kofia."

"Mvivu ni mvivu, mwanangu, hata akifa."

Toroli lilisimama langoni mwa forodha. Mkubwa mpya, mwembamba, alikuwa akipekua kikapu cha mwanamke kwa ncha ya fimbo. Mzee Taha alimtazama kwa muda, kisha akakipeleka kidole kwenye vumbi la kiti.

"Hiyo kofia," alimwuliza karani polepole, "huanziwa upande gani?"