Hadubini na Kipimo cha Jumatano

Ndugu waombolezaji, anayewasomea historia hii ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa familia, na anawaomba mumvumilie hadi mwisho, kwani huko mwishoni kuna jambo zito.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji, akasoma shule ya msingi nyuma ya bohari ya reli, kisha sekondari ya wasichana, ambako kwa jinsi alivyong'ang'ania chombo kimoja cha maabara, kile cha kukuzia vitu vidogo, wenzake walimpachika jina la Hadubini, nalo likamganda.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa ubongo, chumba namba 14, akakaa humo miaka thelathini na mitatu akichunguza vipokezi, yaani vile vipande vidogo juu ya seli vinavyopokea dawa na kupunguza makali ya ujumbe wa maumivu, na mezani hakutuacha tule kwa raha mpaka atueleze kwamba dawa ikija kila siku vipokezi huchoka, vingine hujificha ndani ya seli, ndipo mgonjwa huhitaji dawa nyingi zaidi, lakini dawa ikisimama vipokezi hurudi juu ya seli na nguvu zake, na kipimo cha zamani hugeuka sumu. Tulicheka, mdogo wake akicheka kuliko wote.

Aliolewa tarehe 4 Juni 1988 na fundi umeme, aliyefariki mwaka 2015, wakajaliwa mabinti wawili.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya mifupa, akaanzishiwa morfini ya maji, mililita tano, ikapanda hadi arobaini, na mwezi Agosti alipigwa mionzi, maumivu yakatulia, dawa ikasimamishwa wiki tatu. Jumatano tarehe 6 Septemba maumivu yalirudi, muuguzi akaja nyumbani, akaandika mililita tano, akaonya zisizidishwe. Mdogo wake, akimsikia dada analia, aliona anabaniwa dawa, akamimina arobaini. Dada alikunywa, akashukuru, akalala. Saa kumi alasiri pumzi ilikoma.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wenzake wa chumba namba 14. Tangu juzi inanong'onwa hapa uani kwamba muuguzi ndiye aliyemmaliza, naye amesimama peke yake getini. Hakukosea lolote. Aliyemimina ni huyu anayesoma, na mabinti wa marehemu wanalisikia hili sasa hivi, pamoja nanyi. Mpisheni muuguzi, aje akae na familia.

Pumzika, dada, maumivu yamekwisha.