Fundi Sponji na Mikoba ya Viti vya Basi

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza mpendwa wetu, kabla hatujamshusha tunaomba mtusikilize kidogo, tuwaeleze alikotoka na alikopita, kwa sababu wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Sponji tu, na mtu ni zaidi ya jina lake la mtaani.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na karakana ya reli, na marehemu mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku ile king'ora cha kubadilisha zamu kililia, naye mtoto akalia kwa sauti kubwa kukishinda, hata mkunga akasema huyu hatakubali kupitwa na kazi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1979 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya ghala la saruji, akamaliza darasa la saba mwaka 1985, akafaulu vizuri na kuchaguliwa kuendelea na sekondari ya bweni, lakini Agosti mwaka huohuo baba yake alifariki, na mama, aliyekuwa akifua nguo za watu, hakuweza kumpatia sare, viatu, godoro wala sanduku, kwa hiyo siku wenzake walipoondoka yeye alikwenda kusaidia kupakia masanduku yao juu ya gari, akayafunga kamba vizuri yasianguke, kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Jambo hilo hakulizungumza mara kwa mara, na alipolizungumza alisema tu kwamba kamba zilikuwa fupi.

Mwaka 1986 mjomba wake alimchukua katika banda lake la kushona viti vya magari, akaanza kwa kung'oa vitambaa vilivyochakaa na kunyoosha misumari iliyopinda, akajifunza kukata sponji, kupaka gundi na kushona kwa cherehani nzito, na mwaka 1994 akafungua banda lake mwenyewe pembeni ya gereji ya mabasi, ambako alifanya kazi hadi nguvu zilipomwishia. Kila jioni alirudi nyumbani na chembe nyeupe za sponji nyweleni, ndiyo sababu watoto wa mtaa walimpa jina hilo, na mkewe anasema siku ya kwanza walipokutana kwenye foleni ya maji alidhani ni mtu mzima mwenye mvi, akamwamkia shikamoo, naye bila haya akaitikia marahaba, binti, hujambo, jambo ambalo shemeji zake walimcheka nalo mpaka juzi.

Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1998, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza wa kiume aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye sasa ni utingo wa malori ya masafa marefu, wa pili wa kike aliyezaliwa tarehe 17 Juni 2009, na kitinda mimba wa kiume aliyezaliwa mwaka 2014. Alikuwa baba mpole lakini mbishi, hakupenda kuitwa mezani mara mbili, alipenda redio, aliimba vibaya na alijua kwamba anaimba vibaya, na hakuna kiti nyumbani kwake ambacho hakikuwa na alama ya mkono wake, hata kigoda cha jikoni alikivika sponji na kitambaa, mkewe akisema sasa hata kupepeta mchele ni kama kusafiri.

Mwezi Januari 2016 alimpeleka binti yake kuanza darasa la kwanza, na pale getini alimwona mama mmoja, muuza mkaa wa mtaa wetu, amesimama na mtoto wake aliyevaa ndala na shati la nyumbani, ameambiwa amrudishe mpaka apate sare, naye akimwambia mtoto kwa sauti ya furaha, twende mwanangu, leo tumekuja kuiona tu, kesho ndiyo tunaanza. Marehemu alisema aliielewa sauti ile, kwamba ilikuwa ya mtu asiyekuwa na kesho yoyote mkononi, na badala ya kwenda kazini alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake kinyozi, akakaa kwenye kiti cha kunyolewa bila kunyolewa, akamwambia, sisi akina baba tunajua kubishana mpira kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa nini hatujui hili? Kinyozi, ambaye yuko hapa leo, alimjibu kwamba mpira hauhitaji akili, lakini akafunga kibanda chake, wakaenda kumwona fundi viatu, kisha dereva wa lori la maji, wakachanga sare na viatu, na mtoto yule alianza shule wiki ileile.

Tangu mwaka huo, kila Jumamosi ya Desemba, akina baba hao walikutana katika banda la marehemu, kinyozi akinyoa, fundi viatu akibandika soli na kushona vilivyoachia, dereva akizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sare zilizowabana wakubwa ili ziwafae wadogo, na wao wenyewe waliweka sharti kwamba anayenyolewa pale hatanyolewa peke yake, watoto wao na watoto wa wenye uwezo watakaa kwenye benchi moja na watoto wa wasio nacho, ili mpita njia asijue nani amekuja kwa shida na nani amekuja kunyolewa tu. Akina mama walipowauliza kwa nini hawakuwaita wao, dereva alisema, shemeji, tuacheni, ndiyo kwanza tumepata kazi ya kusifiwa, na utani ukaisha hapo.

Pamoja na uangalifu wote huo, mwaka 2018 marehemu alifanya kosa, naye mwenyewe angetaka tuliseme. Alikuwa amebakiwa na robota la kitambaa cha plastiki cha kufunikia viti vya mabasi, rangi ya damu ya mzee, imara na kisichopitisha maji, akaona vibaya kukiacha kiliwe na panya, akakaa mwezi mzima akishona mikoba ya shule, yenye mifuko miwili, mikanda iliyotiwa sponji isiumize mabega, na mshono ambao kinyozi alisema unaweza kukaliwa na abiria mnene hadi mpakani na kurudi. Ilikuwa mikoba mizuri kuliko ya dukani, akawagawia watoto wasiokuwa na mkoba, lakini yote ilikuwa ya rangi moja na kitambaa kimoja, na mtu aliyezoea kushona viti vya basi, ambavyo uzuri wake ni kufanana, hakuona ubaya wowote.

Watoto waliuona siku ya kwanza. Shule ilipofunguliwa Januari 2019, kila aliyebeba mkoba ule alijulikana kuwa ni wa msaada, wakapewa jina la abiria, wakiingia getini wenzao wanaimba abiria wameshuka, wakipita darasani wananyooshewa mkono, abiria, nauli, na haikupita wiki mbili watoto wakaanza kubeba daftari mikononi hata kwenye mvua, mikoba wakaificha nyuma ya tangi la maji. Muuza mkaa ndiye aliyekuja kumwambia, aliurudisha mkoba wa mtoto wake umefutwa vizuri na kukunjwa, akasema, fundi, nisamehe sana, mkoba ni mzima, mtoto ndiye anayeumia. Marehemu aliupokea, akashukuru, na siku hiyo hakuwasha redio.

Kinyozi alishauri mikoba ipakwe rangi, fundi viatu akashauri walimu wawachape wenye midomo, lakini marehemu alisema rangi itabanduka na midomo haibanduki, akakata kitambaa kilichobaki, akashona mkoba mmoja zaidi, akauweka mbele ya binti yake, aliyekuwa darasa la nne na mwenye mkoba wa dukani wenye picha ya kipepeo aliokuwa akilala nao. Hakumlazimisha. Alimweleza kwamba amewakosea watoto wa watu bila kukusudia, kwamba hana namna ya kukaa getini kuwatetea, na kwamba ikiwa hataki, basi, hakutakuwa na neno. Binti alilia, akakataa kula, akalala, asubuhi akahamisha daftari zake kwenye mkoba wa rangi ya damu ya mzee, na getini alipoombwa nauli alijibu, dereva ni baba yangu, mimi silipi. Wiki iliyofuata pacha wa kinyozi walibeba ya kwao aliyowashonea, kisha mtoto wa dereva, kisha binti wa mwalimu mmoja ambaye si masikini wala hakuombwa, na ilipofika katikati ya mwaka wenye duka walikuwa wanatuma watu bandani kuuliza kama mikoba ile inauzwa. Haikuuzwa. Mtoto wa muuza mkaa alikuja mwenyewe kuufuata wa kwake, marehemu akamkabidhi, na aliporudi nyumbani alimsimulia mkewe mara tatu.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukohoa mwaka 2023, akidhani ni mafua ya msimu, akaendelea na kazi, na mwezi Februari 2024 alipelekwa hospitali, ambako madaktari walisema mapafu yake yamechoka kwa vumbi la sponji na mvuke wa gundi aliovuta tangu utotoni, wakampa dawa na kumkataza kabisa kurudi bandani. Mkewe ndiye aliyebaki na mshahara, wa kufua mashuka katika zahanati, na hakuweza kuuacha, kwa kuwa ndio ulionunua dawa, mtoto mkubwa alikuwa safarini muda wote, na mdogo bado ni mdogo, kwa hiyo mwezi Juni 2024 binti, akiwa kidato cha pili, aliacha shule ili abaki na baba yake mchana, kumgeuza, kumpa dawa kwa saa na kumshikia beseni.

Uamuzi huo marehemu hakuukubali hata siku moja. Alisema, mimi niwaandae watoto wa watu waende shule, wa kwangu abaki kunishikia beseni? Akanuna, akakataa uji kutoka kwenye mkono wa binti, mpaka mkewe alipomwambia kwa ukali kwamba akiukataa uji atamwongezea mtoto kazi, ndipo akaunywa. Baadaye alibuni njia nyingine, kila alasiri alidai hapati usingizi bila kusomewa, binti akaazima vitabu vya wenzake, akawa anamsomea historia na baiolojia, naye amefumba macho, lakini binti akiruka ukurasa alisema, mbona moyo una vyumba viwili tu leo, jana ulikuwa na vinne. Wenzake walipanda kidato cha tatu yeye akiwa nyumbani, kisha wakakaribia cha nne, na marehemu alijua, kwa sababu aliwauliza kila walipokuja kuchukua vitabu vyao.

Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 2025, kwa kuwa hakuweza tena kwenda bandani, akina baba walihamishia kazi uani kwake, ili asikie mikasi na nyundo kutoka kitandani, na watoto walipopangwa kwenye benchi alimwambia binti yake atoke naye akapimwe sare. Binti alikataa, akamuuliza, baba, nikienda nani atakupa maji? Akageukia ukutani, na ni kinyozi aliyesikia dirishani, akaingia na taulo begani, akasema, tuko akina baba watatu wazima hapa, na hakuna hata mmoja asiyejua kushika kikombe. Wakapeana zamu za asubuhi palepale, ya kwanza ya kinyozi, kuanzia Jumatatu tarehe 5 Januari 2026, shule inapofunguliwa, na mkewe angewapokea atokapo kazini. Dereva aliuliza kama mgonjwa atavumilia kunyolewa kila wiki kwa lazima, marehemu akacheka mpaka akakohoa, kisha akamtazama binti yake akitoka kwenda uani kusimama kwenye foleni, na alipimwa, mabega, kiuno na urefu, mlango ukiwa wazi ili aone.

Zamu hizo hazikuanza. Hali yake ilibadilika usiku wa kuamkia tarehe 28 Desemba, akalazwa, na alfajiri ya Jumanne tarehe 30 Desemba 2025 alitutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mkewe na binti yake wakiwa pembeni yake. Ameacha mjane, watoto watatu, dada wawili, mdogo wake anayewasomea haya, na watoto wengi wa mtaa huu ambao hatuwezi kuwahesabu, maana yeye mwenyewe alikataza wasihesabiwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania bila kumkatia tamaa, wafanyakazi wenzake na mjane katika zahanati waliomshikia zamu zake, mafundi wa gereji waliotengeneza jeneza hili na kulivika sponji ndani bila kuombwa, walimu, majirani waliochota maji na kuwasha moto, na muuza mkaa aliyeleta mkaa wa siku zote hizi na kukataa kuzungumzia jambo hilo.

Tunaomba jambo moja tu. Wale mtakaopenda kuja kutupa pole Jumatatu asubuhi, mtamkuta kinyozi mlangoni, amesema zamu yake ni yake na hatampa mtu, yeye atawapokea na kuwakalisha pamoja na mjane. Binti hamtamkuta nyumbani asubuhi hiyo, maana atakuwa darasani, kidato cha pili, pamoja na waliokuwa nyuma yake, na tunaomba asiitwe kwa lolote mpaka kengele ya mwisho.

Kaka, Fundi Sponji, kazi umeifanya. Pumzika kwa amani.