Bango la Kumwondoa Toata

Basi la kwenda soko la Honiara lilipoondoka Kukum, kijana mwenye jezi ya timu yetu alianza kumsema kocha Toata, ambaye enzi za uchezaji wake alitufungia mabao mpaka wazee wakalia.

"Akili yake ilikuwa miguuni tu," alisema, akaongeza na tusi. "Kesho tunapandisha bango aondoke."

Mama aliyeketi karibu naye aliacha kutafuna popoo. "Kijana, Toata ni kaka yangu."

Nilitazama nje haraka, masikio nikawaachia wao. Kwetu, kumtukana mtu mbele ya dada yake ni kesi ya fidia.

Kijana aliomba radhi kwa tusi, si kwa bango. "Mwanangu nimempa jina la Toata, mama. Ila tunafungwa kila wiki."

"Na mimi mwanangu kamweka benchi kila wiki. Mjomba gani huyo? Kwangu hata chai hapati siku hizi."

"Basi njoo utusaidie kushika bango."

"Nitakuja. Mkilipandisha, nalichana."

"Tutaandika lingine."

"Andikeni. Mikono ninayo."

Basi likasimama sokoni. Walishuka pamoja, bado wanabishana.