Makofi Chini ya Mibuni ya Kalinzi

Asifiwe Bwana asikiaye hata chini ya udongo, ndugu zangu! Mimi ninayesema nanyi nilifukiwa nikiwa hai katika mlima juu ya Kalinzi, na mama mmoja mwenye jembe akanitoa kwa sababu alidhani namsalimia. Hakujua kwamba kuna mtu amefukiwa. Hakuwa anamtafuta mtu. Alisikia makofi yakitoka kwenye mibuni yake, akaweka jembe chini, akaitikia. Ndiyo maana leo napumua!

Naomba nieleze kwa utaratibu, kwa kuwa wengi mmelisikia jambo hili vipande vipande pale sokoni Mwanga, na vipande vingine si vya kweli.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Maboti yalikuwa yanaingia kutoka ng'ambo ya ziwa yamejaa watu, magodoro na sufuria. Mimi na mke wangu Furaha tulivuka kutoka upande wa Fizi, tukafikia hapa Kigoma, mtaa wa Buzebazeba, kwa mjomba wangu, ambaye alihamia huku zamani na watoto wake wote wamezaliwa hapa. Alitupa chumba cha uani. Nikawa nabeba magunia ya dagaa ufukweni. Kila nilipofungua mdomo, Kiswahili changu cha ng'ambo kilinitangaza kabla sijataja jina, na watu wakaniita mkimbizi hata walipokuwa wananipa pole.

Katika boti tuliyovuka nayo alikuwamo Wilondja, rafiki yangu, ambaye kwao alikuwa mchimba dhahabu. Hapa Kigoma alikuwa akishona viatu, lakini macho yake yalikuwa milimani. Akampata mtu wa kumsikiliza. Huyo alikuwa mzee Temba, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro, mtu mcheshi aliyependa habari za kale kuliko chakula. Temba ndiye aliyetuletea habari za mgodi wa Wajerumani.

Mnazijua habari hizo. Inasemwa kwamba Wajerumani walichimba dhahabu juu kule, vita ilipowafikia wakauziba mdomo wa mgodi vibarua wakiwa bado ndani, wakaondoka. Tangu hapo mgodi umepotea. Na inasemwa kwamba wale vibarua bado wanagonga. Ukisikia mlio wa kugonga kutoka chini, shuka mlimani wala usigeuke nyuma. Temba alitueleza hayo akicheka, lakini niliona kwamba anapofika kwenye kugonga, kicheko kinapungua.

Nilimwambia Furaha. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

“Dhahabu ndiyo iliyotutoa kwetu,” alisema. “Na wewe unaifuata huku?”

Ndugu zangu, alisema kweli. Waliochoma kijiji chetu walikuwa wanagombania mashimo. Nikamwahidi kwamba nitakwenda safari hii moja tu, nirudi na kitu cha kumjengea nyumba yake mwenyewe, au nirudi mikono mitupu na nisitaje dhahabu tena. Akasema, “Rudi tu.” Maneno hayo mawili nikayachukua kama baraka.

Tukapanda lori la mizigo mpaka Kalinzi, kisha tukashika njia ya miguu kupanda katikati ya mashamba ya kahawa. Na hapo naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye jambo lenyewe. Waha wa kule juu hawasalimiani kwa neno moja wakapita. Mtu anasimama, anainama kidogo, anapiga makofi ya taratibu. Nawe unapiga. Anauliza habari za nyumbani, makofi. Za watoto, makofi. Za ng'ombe, hata kama huna ng'ombe, makofi. Mpaka habari ziishe, na hakuna anayeondoka kabla hazijaisha. Kila tuliyekutana naye alitusimamisha hivyo.

Wilondja alinung'unika njia nzima. “Hawa tukiwaachia,” alisema, “dhahabu itaota mvi.”

Temba akamwambia apige makofi anyamaze.

Tulifika mahali ambapo ardhi imebonyea kando ya shamba la kahawa. Wilondja akazunguka, akakanyagakanyaga, akasema mbonyeo huu ni kazi ya watu, si ya mvua. Tukachimba. Ndugu zangu, moyo wangu ulipiga kama ngoma ya harusi! Tulipofika usawa wa kifua, jembe likatoboa, likazama kwenye uwazi. Palikuwa na njia chini kwa chini, imeinamia upande wa mashamba, upana wa mtu kutambaa. Temba akapiga magoti akaanza kucheka peke yake. Kwa kuwa mimi ndiye mwembamba, nikaingia.

Nilitambaa na tochi mdomoni. Ukutani niliona mwamba mweupe wenye mistari, na ndani ya mistari kitu kinachometa. Sisemi ilikuwa dhahabu. Nasema kilimeta. Nikanyoosha mkono wa kushoto kukishika, na nyuma yangu mlima ukashuka.

Vumbi lilipotulia nilijikuta nimelala ubavu. Mkono wa kushoto umebanwa na jiwe toka kiwiko hadi vidole. Tochi imezimika. Koo limejaa udongo, na nilipotaka kupiga kelele haikutoka hata sauti ya paka. Mbele yangu, juu, mwanga kidogo ulipenya kwenye tundu dogo lililofunikwa na majani. Lilikuwa tundu la hewa la zamani, nimekuja kujua baadaye. Nikashika jiwe kwa mkono wa kulia nikaanza kugonga mwamba. Kwenye mashimo ya kwetu, mtu akifukiwa hugonga, na walio juu hujua yu hai.

Sasa niwaeleze kilichotokea juu, kama nilivyokikusanya kwa kila mmoja baadaye. Wilondja alikimbilia nyumba za karibu kuita watu wenye majembe. Temba alibaki shimoni peke yake. Na akasikia mlio wa kugonga. Hakuusikia shimoni, aliusikia kule katikati ya mibuni, mahali ambapo hakuna aliyechimba. Akashuka mlimani wala hakugeuka nyuma. Wale wenye majembe walipofika, nao wakasikia, wakarudi nyuma mpaka njiani wakasimama hapo. Aliyebaki kuchimba ni Wilondja peke yake, akilia, na alikuwa anachimba kwenye mdomo wa shimo, mbali na mimi. Kadiri nilivyogonga kuomba msaada, ndivyo nilivyowafukuza wasaidizi wangu!

Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimegonga mpaka jiwe limeniponyoka, na hakuna aliyekuja. Nikamfikiria Furaha na lile neno lake, rudi tu. Nikasema, Bwana, sina sauti ya kukuita. Nikataka kuimba wimbo wa ibada, koo likakataa. Basi nikaupiga wimbo kwa kiganja cha kulia juu ya paja langu, taratibu, kwa sababu nguvu zilikuwa zimekwisha.

Na hapo, ndugu zangu, nikasikia makofi juu yangu!

“Amahoro!” sauti ya mama ilinisalimu kwa Kiha. “Habari za nyumbani?”

Nikapiga paja.

“Watoto hawajambo?”

Nikapiga.

Akauliza za shamba. Akauliza za mvua. Akauliza za ng'ombe! Mimi niliyebanwa chini ya mlima, machozi yakichora tope usoni, nilijibu habari za ng'ombe. Hatukuruka hata moja. Kisha akasema, “Haya, jitokeze nikuone.” Akangoja. Akasema tena. Halafu nikasikia anaondoka, na huo ndio wakati nilioogopa kufa.

Kumbe alikuwa amekasirika. Huyo ni Bibi Sabina, mwenye lile shamba, aliyekuwa anatoka mtoni na jembe lake, hajaambiwa lolote. Aliwaendea wale wanaume njiani akawaambia, “Kuna mgeni wenu kwenye mibuni yangu. Ananisalimia vizuri kabisa lakini hataki kujitokeza. Huko kwao hawana adabu?”

Mmoja akamwambia ni wale vibarua wa Mjerumani. Bibi Sabina akamtazama. “Wale wanagonga,” alisema. “Huyu amenisalimia. Maiti ana habari gani za nyumbani?”

Wilondja alisikia maneno hayo akatoka shimoni mbio. Bibi akamwonyesha mahali, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kukata udongo, akang'oa mbuni wake wenye matunda mabichi bila kuutazama mara mbili. Wanaume wakaona aibu wakaja. Jua lilipoingia lote usoni pangu, la kwanza nililoliona ni viganja vyake vyenye udongo. Walilisukuma jiwe kwa mti, mkono ukatoka, na ninao huu, vidole viwili tu havikunjiki.

Kesho yake Temba alikuja Buzebazeba kuniomba radhi, na akaniomba kweli. Kisha akainama sikioni, “Uliiona?” Furaha akamletea maji ya kunywa, akamwonyesha mlango.

Sijarudi kutafuta mgodi. Narudi kwa Bibi Sabina kila msimu wa kuchuma, mimi na mke wangu, na tunasalimiana mpaka mwisho. Nasema asante kwa Mungu! Na wewe ambaye sauti imekwisha, unayegonga na watu wanakukimbia, mtumaini yeye. Anajua njia ya kufikisha hata kofi la mkono mmoja.

Limebaki jambo moja, nami nalisema kama lilivyo bila kulipamba. Bibi Sabina, siku ile na mpaka leo, anauliza mwenzangu alikwenda wapi. Anasema alisikia watu wawili, mmoja akianza, wa pili akimfuata. Wilondja anasema ulikuwa mwangwi. Bibi anajibu kwamba mwangwi haumtangulii mtu. Wilondja alikuwa shimoni anachimba, Temba alikuwa ameshuka, wengine walikuwa njiani, nimewauliza wote. Mimi nilipiga paja kwa mkono mmoja, na kwa udhaifu. Aliyeanza kumsalimia, anasema Bibi, alipiga kwa mikono miwili.